Mihogo Yenye Vikonyo Vyekundu

Redio aliyokuwa akiitengeneza Waya haikuwa na mgongo wala vitufe, lakini ulimi ilikuwa nao. Aligusisha nyaya mbili, cheche ikaruka, na sauti ya mtangazaji ikatoka safi kabisa: wataalamu wa bayolojia ya molekuli wamefanikiwa kupata mihogo isiyoshikwa na ugonjwa wa michirizi, na sasa inajaribiwa katika mashamba kadhaa.

Waya akazitenganisha nyaya. Mtangazaji akakatika katikati ya neno.

"Mmesikia?" alisema. "Molekuli."

Fundi Kiraka hakuinua kichwa. Alikuwa amebana kiatu katikati ya magoti, sindano ameiuma midomoni, uzi wa nta ameuzungusha kidoleni. Alijua macho yote ya kijiwe yamemgeukia yeye, maana moja ya hayo mashamba kadhaa lilikuwa lake: kipande chake cha nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, alichompa binti yake afanyie hilo jaribio. Alijua pia kwamba alasiri hiyohiyo, katika darasa la shule ya msingi, mtaa ungekutana kuamua kama mihogo ya binti yake ing'olewe yote na kuchomwa moto.

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mbele ya kibanda chake cha viatu. Wateja waliusugua kwa miaka mingi wakisubiri soli zao, mpaka ukawa unang'aa kama meza ya kinyozi. Siku hizi wenye viatu walikuwa wachache, wenye maneno ndio wengi.

"Molekuli," alirudia Hakimu, akilionja neno. Hakimu hakuwahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama, akibeba majalada kutoka chumba hiki kwenda chumba kile mpaka alipostaafu, na sheria ikamwingia kwa njia ya kwapani. "Molekuli ni nini hasa, kwa mujibu wa sheria?"

"Ni kitu kidogo," alisema Waya.

"Kidogo kuliko unga?" aliuliza Mama Birika, muuza kahawa, akipuliza makaa yake.

"Unga ni milima, mama! Chukua punje ya unga, igawe mpaka uchoke. Ulale. Uamke, uendelee kuigawa. Ukikata tamaa kabisa, hapo ndipo molekuli inaanza."

"Na mtu mzima na akili zake anakaa chumbani na kitu hicho?"

"Na mshahara anapokea."

"Mtoto wa Kiraka huyo," alisema Hakimu. "Tulimwona akikua hapa. Alikuwa haoni kamasi zake mwenyewe, leo anaona molekuli."

Wakacheka. Kiraka akaitoa sindano midomoni, akaichomeka kwenye kola.

"Chekeni. Ujinga hauna kodi. Mimi mwanangu kanieleza, nikaelewa."

"Tueleze na sisi, profesa wa soli."

"Ule ugonjwa wa michirizi unaletwa na kirusi. Sawa? Muhogo kwa nje unauona mzima, mnene, unaita jirani aje aone. Ukiupasua, ndani ni kahawia tupu, kama kizibo kilichooza. Sasa kirusi naye ana sura yake. Wataalamu wamechukua kipande kidogo cha ile sura, wakakiweka ndani ya muhogo ukingali chembe tu, ndani ya chupa. Muhogo unakua unaijua. Siku kirusi akibisha hodi, unamtambua, unamkatakata kabla hajavua viatu."

"Kwa hiyo," alisema Hakimu polepole, "muhogo umesoma."

"Umesoma."

"Kuliko wewe."

"Kuliko sisi sote. Wewe majalada uliyabeba tu, hukuyafungua."

Mama Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa, akamwongezea Hakimu kidogo ili kumpoza. Lakini Waya hakucheka. Waya alikuwa mtu wa kuogopa vitu visivyoonekana. Umeme peke yake ndio aliouamini, kwa sababu ulikuwa umeshampiga mara kadhaa.

"Mnacheka. Leo muhogo unamjua kirusi kwa sura. Kesho je? Utaujua mlango wako, utawajua wanao. Utautia sufuriani, utachungulia, nao unakuchungulia."

"Mimi chakula kinachonitazama sili," alisema Hakimu.

"Na ukishaula? Ile sura ya kirusi inakwenda wapi? Inakaa tumboni inangoja nini?"

"Inangoja uende chooni, kama kila kitu ulichokula tangu uzaliwe," alijibu Kiraka. "Kirusi wa muhogo hana habari na mtu. Kila siku mnakula mihogo yenye kirusi mzima mzima, na ndugu zake, na mashemeji. Mmewahi kukohoa?"

Waya alikuwa anarudi kwenye nyaya zake pale Spika alipotokea kwenye kona na gunia begani.

Spika alinadi nguo za mitumba sokoni, na Mungu alimpa koo la kazi hiyo. Hata akinong'ona, mtaa wa pili waliitika. Hakusalimia. Alilitupa gunia mbele ya ubao, akaingiza mkono, akavuta muhogo mzima wenye fimbo, majani na mizizi yake, udongo ukapukutikia viatu vya wateja. Akachukua kisu cha Kiraka bila kuomba, akaupasua mzizi mmoja.

Ndani ulikuwa umeoza. Madoa ya kahawia yalitambaa kutoka ncha hadi ncha.

"Tazameni! Tazameni wenyewe, msije mkasema Spika kaongeza chumvi! Shamba langu lote liko hivi! Nimechimba hapa, kahawia. Nimechimba pale, kahawia. Mke wangu amekaa juu ya tuta analia kama amefiwa, na mimi nimekosa hata la kumwambia!"

"Pole, ndugu yangu," alisema Kiraka, na alisema kwa moyo. Mihogo yake mwenyewe iliwahi kuoza namna hiyo misimu mitatu mfululizo. Aliijua ile harufu kabla haijafika puani.

"Pole zako zirudishe! Ugonjwa huu umetoka shambani kwa bintiyo. Umeruka ua ukaja kwangu!"

"Umeruka ua, ukapita mashine, ukavuka mto, ukapanda kilima mpaka kwako? Ulikuwa na nauli?"

"Usinifanyie mzaha, Kiraka. Leo alasiri nasimama. Nikikaa chini, pale kwa bintiyo hata matuta hayatakuwepo. Na ushahidi ninao!"

"Kielelezo namba moja," alisema Hakimu, akiuchukua ule muhogo kwa vidole viwili na kuulaza juu ya ubao kama maiti ya mtu mashuhuri. "Kisiguswe."

Kiraka alikitazama kiatu alichokuwa akikishona, asikione. Binti yake alikuwa amekaa na miche ile ndani ya chupa miaka na miaka, katika chumba chenye taa nyeupe ambacho kuingia ni lazima uvae kofia. Huu ndio ulikuwa msimu wa kwanza miche hiyo kugusa udongo. Ikichomwa leo, angerudi kwa wakubwa zake na majivu, na wakubwa hawampi mtu shamba mara ya pili kwa ajili ya majivu.

"Spika," alisema kwa sauti ya chini. "Tumekua pamoja, tumeoa mwaka mmoja. Mwanangu ni mwanao. Utamchomea kazi yake?"

"Mwanao ni mwanangu," alisema Spika. "Lakini muhogo wangu si muhogo wako."

Wakiwa hapo, binti mwenyewe akaja. Alikuwa na bukta ndefu yenye udongo magotini na buti moja la mpira mkononi, lile ambalo soli yake ilikuwa imefunguka mdomo. Mguu mmoja alivaa buti, mwingine ndala, akawa anatembea kama mtu anayepanda na kushuka ngazi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba, daktari," waliitikia, na Spika naye aliitikia, kwa sababu hasira ni kitu kimoja na adabu ni kingine.

"Baba, hili limefunguka tena. Alasiri nataka niwe na miguu miwili." Kisha akauona muhogo juu ya ubao. Akachuchumaa. Hakuutazama mzizi uliopasuliwa. Alishika jani, akapitisha kidole kwenye kikonyo chake, kile kijiti kinacholishika jani kwenye shina. Kilikuwa chekundu, chekundu kama kimechovywa rangi.

"Baba mdogo," alimwambia Spika, "muhogo huu umeutoa wapi?"

"Shambani kwangu! Wapi tena?"

"Na mbegu yake?"

Spika akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kianze, mdomo wake ulifunguka na hakikutoka kitu.

"Nauliza," alisema binti, "kwa sababu mihogo ya huku yote ina vikonyo vya kijani. Hii yenye vikonyo vyekundu niliileta mimi, kutoka mbali. Niliichagua kwa sababu inaugua upesi. Kila fimbo ya mbegu niliyoileta ilikuwa na ugonjwa."

"Ala!" Waya alisimama. "Umesikia kwa kinywa chake? Alituletea ugonjwa!"

"Ugonjwa upo hapa tangu sijazaliwa, baba Waya. Muulize baba misimu yake mitatu. Ndiyo maana nikaja kujaribia hapa. Sasa nikiupanda ule mpya peke yake kwenye udongo safi, usipougua nitajuaje kuwa una nguvu? Pengine ugonjwa haukupita tu. Ni lazima niuzungushie wagonjwa pande zote, walale nao, wapumuliane."

"Ni kama buti," alidakia Kiraka, akichangamka. "Huwezi kusema halivuji mpaka uliingize kwenye maji."

"Ndivyo, baba. Basi siku ya kupanda, ile mipya ilikuja kwenye vikopo. Ni miche midogo iliyokuzwa kwenye chupa, ina majani mawili matatu, nikaipanga kivulini. Wale wagonjwa walikuwa fimbo, nimezifunga mafungu, nikaziegemeza uani. Jioni nikakuta fungu moja halipo. Nikadhani mtu kaona kuni."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha Kiraka akaelewa, na furaha ikampanda kutoka unyayoni. Akainuka na nyundo yake mkononi.

"Mwizi!" alisema. "Spika! Wewe unayetaka kusimama alasiri! Umekwenda kuiba muhogo wa wataalamu, ukaacha miche yenyewe kwenye vikopo, ukabeba wagonjwa! Ukawapanda! Ukawapalilia!"

"Mimi sikuiba!" Spika alifoka. "Uniombe radhi! Mimi nilipewa!"

"Ulipewa na nani?"

"Na mtu. Mtu mwenye heshima zake. Akaniambia ndiyo ile mipya yenyewe isiyougua, nisimwambie mtu. Ningekataa? Mbegu ya muhogo hainyimwi, wala haikataliwi."

"Nawe ulikuwa unapiga kelele sokoni kwamba atakayeila ataota mkia!"

"Nilikuwa nalinda siri!"

Hakimu akakohoa. Alikohoa kile kikohozi cha mahakamani, cha kuomba nafasi.

"Kwa kuwa tumefika hapa," alisema, "na bila kukiri kosa lolote, nami ninavyo vikonyo vyekundu. Vichache. Nilipewa."

"Hakimu!"

"Hata mimi," alisema Waya, akiutazama ubao. "Matuta mawili."

Kiraka alimkazia macho. "Wewe uliyesema muhogo utakuchungulia sufuriani!"

"Nilikuwa naufanyia uchunguzi."

"Umeona nini?"

"Umeoza."

"Na wewe, Mama Birika, nenda ukacheke nyumbani kwako, maana hapa—"

"Mimi sicheki, baba," alisema Mama Birika, akifunika birika lake. "Mimi ninao mstari mzima. Nilipewa na Hakimu."

"Hakimu naye kagawa!"

"Nilipewa nyingi," alisema Hakimu. "Roho nzuri haifungiwi stoo."

Kiraka alizunguka kibanda chake mara moja, akarudi. "Kwa hiyo hapa hakuna aliyeiba. Kila mtu alipewa. Fimbo ziliamka uani, zikajifungua kamba, zikaenda kugonga milango ya watu. Haya, wa kwanza ni nani? Aliyekugawia wewe, Spika, ni nani?"

Na hapo likatokea jambo ambalo Kiraka hakulizoea. Kijiwe kilinyamaza. Hakimu alikitazama kikombe chake. Waya alishika redio yake akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Mama Birika alichochea makaa. Wote walikuwa na sura ya watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba.

"Kiraka, ndugu yangu," alisema Spika, na safari hii sauti yake haikuvuka hata barabara, "shona kiatu."

"Sishoni! Ninyi ambao mke wa mtu akibadili chumvi mnajua! Leo mna siri?"

"Tunajua mengi," alisema Mama Birika. "Ndiyo maana mengine tunayanyamazia."

Binti akasimama, akajipangusa magoti. "Wazee wangu, mimi simtafuti mtu nimfunge. Lakini watu wengi mashamba yao yameoza, na alasiri watauliza ugonjwa umefikaje. Michirizi husafiri mbali kwa pingili, vile vipande vya fimbo vya kupandia, mkono kwa mkono. Asipotokea wa kusema ulikwenda kwa mkono gani, watasema uliruka ua wenyewe. Na wakisema hivyo, watachoma yote, pamoja na ile mizima." Akamgeukia Spika. "Utasimama, baba mdogo?"

Spika aliurudisha muhogo wake guniani, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Mimi nitakaa nyuma," alisema. "Leo koo linaniuma."

Akaondoka. Hakimu akamfuata, akisema shahidi ana haki ya kunyamaza. Waya akasema ana redio ya mtu. Kiraka akabaki na buti la binti yake, akalishona kwa hasira mpaka uzi ukakatika, akaanza upya.

Darasa lilijaa kabla ya saa. Watu wazima walikuwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, na ubaoni kulikuwa bado kuna hesabu ya kugawanya ambayo mtu fulani aliikosea. Mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele na filimbi yake shingoni. Wanawake walikaa upande wa madirisha, na miongoni mwao alikuwa mke wa Kiraka, ameketi wima, mikono mapajani, kama anayesubiri kupigwa picha. Kijiwe kizima kilikaa dawati la mwisho, na Kiraka katikati yao.

Ilianza vibaya. Mwanamke mmoja alisema mihogo yake imeoza na anao watoto. Mzee mmoja akasema na yake. Mwingine akasema kabla ya wataalamu kuja walikuwa wanakula vizuri. Jambo hilo halikuwa kweli, lakini lilipigiwa makofi. Binti wa Kiraka akasimama na buti zake mbili, akaeleza habari za wagonjwa na wazima, vikonyo vyekundu na vya kijani. Alieleza vizuri. Akasema ile mipya bado haijaruhusiwa kuliwa wala kugawiwa, ndiyo maana iko ndani ya ua. Akawaomba waende wakaitazame kwa macho: imesimama katikati ya wagonjwa, na majani yake hayana hata doa.

"Maneno matamu!" mtu alipiga kelele. "Ulirukaje ua?"

"Haukuruka. Ulibebwa na mtu."

"Mtu gani? Mtaje!"

"Simjui."

"Basi hakuna mtu! Uliruka! Tuchome!"

"Tuchome!" madawati yakaitikia. Mwenyekiti akapuliza filimbi. "Wanaotaka jaribio ling'olewe leo..." alianza, na Kiraka akaona mikono imeshaanza kuinuka kama majani ya shamba.

Akasimama yeye. Dawati likasimama naye, maana magoti yalikuwa yamekwama.

"Subirini! Mtu yupo, na yumo humu ndani! Namwambia mbele yenu nyote: huyo mtu hana haya!"

"Kaa chini, Kiraka," Spika alinong'ona, na darasa zima likasikia.

"Sikai! Mtoto wa watu amehangaika miaka, mtu anakuja na mikono yake mirefu, anabeba! Halafu anagawa kama anagawa mali ya baba yake! Huyo kwao hakufunzwa!"

Hakimu alimvuta shati. "Mheshimiwa, ondoa hoja. Ondoa hoja haraka."

"Siondoi! Na sasa amekaa humu kimya, anamwacha msichana achomewe kazi!" Kiraka alikuwa ameshika moto, na maneno yalimjia yenyewe, mazuri, yamepangika, kama hajawahi kusema maishani. "Na kama ni mwanamke, basi namuuliza mumewe! Ni mume gani huyo, bwege wa namna gani, asiyejua kinachoota nyuma ya nyumba yake mwenyewe?"

Mama Birika alijifunika uso.

Upande wa madirisha, mke wa Kiraka alisimama. Alijinyoosha nguo yake kwanza.

"Mumewe ni wewe," alisema.

Hata filimbi ya Mwenyekiti iliyokuwa mdomoni ilitoa mlio mdogo yenyewe.

"Sikuiba," aliendelea, akiwatazama watu wote isipokuwa mume wake. "Au niliiba, sijui mtaiita nini. Nilimpelekea mwanangu chakula siku ya kupanda. Nikaona vikopo kivulini vina majani mawili matatu, nikajua kapanda na mboga kidogo. Muhogo mimi naujua. Muhogo ni fimbo. Nikaona fimbo zimefungwa vizuri kwa kamba mpya, nikasema, kumbe hizi ndizo. Hizi ndizo zilizomla mwanangu miaka yote hii, hata ndugu zake wanaoa hayupo, hata mimi nalazwa hospitali anapiga simu. Nikachukua fungu. Nilipanda chache nyuma ya nyumba, nyingine nikagawa. Kila niliyempa nilimwambia, hii kazi ya mwanangu, tunza, usiseme mpaka ikomae."

Akajinyoosha tena nguo yake.

"Nilitaka mtaa uone. Basi, mtaa umeona. Msichome yake. Njooni mchome yangu."

Kiraka alikuwa bado amesimama na dawati lake. Hakuna aliyemtazama, na kutotazamwa kwenyewe kulikuwa kukali kuliko macho. Binti alishuka kutoka mbele, akapita katikati ya magoti ya watu mpaka dirishani.

"Mama, si ungeniomba?"

"Ningekuomba ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Haya."

Msichana alitaka kukasirika, akashindwa, akamshika mama yake mkono wakakaa dawati moja. Kisha akawaambia watu kutoka hapohapo alipokaa: kila mwenye vikonyo vyekundu ang'oe yote, achome, asimpe mtu hata fimbo moja, naye atawaletea mbegu safi ya kawaida kabla ya mvua.

Mwenyekiti akapangusa filimbi. "Wanaotaka jaribio ling'olewe, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyenyoosha. Watu walikuwa wakitazamana, kila mmoja akikumbuka rangi ya kitu fulani nyuma ya nyumba yake.

"Wanaotaka libaki?"

Mikono ikapanda darasa zima. Wa kwanza kabisa ulikuwa wa Mwenyekiti mwenyewe, naye mwenyekiti hapigi kura.

"Limepita," alisema haraka. "Kuna swali? Hakuna swali. Nendeni."

"Mimi nina swali!" Spika alisimama. Koo lilikuwa limepona. "Swali dogo kwa mama. Shemeji, samahani, mimi nauliza tu kama mzazi. Vile vya kwenye vikopo… hukubahatika kubeba hata kimoja?"

Darasa lililipuka kwa kicheko, lakini Kiraka aliwatazama watu wakicheka na akaona kwamba wote, hata Hakimu, hata Waya, walikuwa wamegeuza masikio wanangoja jibu.

Kesho yake asubuhi binti alinunua kufuli ya lango la shamba. Ilikuwa na funguo mbili. Mmoja alibaki nao mwenyewe, wa pili akampa baba yake. Mama yake alikuwa amesimama hapohapo mlangoni na bakuli la chakula, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuona shamba.